Je, SACCOS yetu ikimbilie IPv6 kabla mwaka haujaisha?

Swali: "Mhandisi, shikamoo. Mimi ni ofisa TEHAMA wa SACCOS moja mkoani Kilimanjaro, yenye makao makuu na matawi matatu. Muuzaji wa vifaa ametuletea makadirio ya bei ya kubadilisha ruta, swichi na faiawoli zote ili tuhamie IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, kabla mwaka haujaisha. Anasema anwani za IPv4, mfumo wa zamani tunaoutumia, zimekwisha duniani, IPv6 ina kasi na usalama zaidi, na tukichelewa tutakatika kwenye intaneti. Nilipokuwa chuoni, zaidi ya miaka kumi iliyopita, niliambiwa hayo hayo, na mpaka leo kazi zinakwenda. Bodi inasubiri maoni yangu. Kuna haraka kweli, au ni biashara tu?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. La kupeleka kwa bodi ni hili: wasitie sahihi. Hakuna kitakachokatika mwaka huu wala mwaka ujao kwa sababu tu ofisi yenu inatumia IPv4. Lakini usiwaambie kwamba IPv6 ni porojo za wauzaji. Yapo mambo machache ya IPv6 yanayokuhusu leo hii, hata kama hujawahi kuigusa kwa mkono wako, na karibu yote hayahitaji kununua chochote.

Kuhusu uhaba, muuzaji amesema kweli. IPv4, iliyochapishwa Septemba 1981, ina anwani za biti 32, yaani 4,294,967,296 kwa dunia nzima, na sehemu yake imetengwa kwa matumizi mengine. Tarehe 3 Februari 2011 IANA, msimamizi mkuu wa anwani duniani, ilikabidhi mafungu matano ya mwisho kwa masjala tano za kanda. Asia na Pasifiki walifika ukingoni Aprili mwaka huo huo, Ulaya Septemba 2012, Amerika ya Kusini mwaka 2014, na Amerika ya Kaskazini Septemba 2015. Sisi Afrika ndio tuliokuwa wa mwisho: AFRINIC, masjala yetu iliyoko Mauritius, iliingia awamu ya mwisho ya mgao Januari 2020, na kwa utaratibu wa awamu hiyo mwombaji hapati zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja.

Sasa wewe unauliza swali ambalo wengi wameliuliza: kama zilikwisha 2011, mbona intaneti imeendelea kukua? Swali hilo ni la haki, na wahandisi tuliolikwepa kwa kurudia tu "anwani zinaisha, anwani zinaisha" ndio tuliowafanya watu wasitusikilize. Jibu lake ni NAT, mbinu ya kuvifanya vifaa vingi vitoke nje kwa anwani moja. Iliandikwa mwaka 1994 kama dawa ya muda, na mwaka 1996 yakathibitishwa mafungu ya anwani za ndani ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia: zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na zile za 192.168 ambazo bila shaka ndizo zilizojaa ofisini kwenu. Fikiria shule ya bweni yenye sanduku moja la posta. Wanafunzi mia nane wanaandikiwa barua kwa S.L.P. ile ile, na kuna karani anayejua barua ipi ni ya bweni gani. Ruta yenu ndiye karani huyo: kompyuta thelathini zinatoka nje kwa anwani moja ya hadharani, na ruta inatunza daftari la nani kaomba nini ili majibu yarudi kwa mwenyewe. Dawa ile ya muda ina zaidi ya miaka thelathini, na ndiyo iliyozifanya tabiri zote za "mwakani intaneti itasimama" zionekane uongo.

Kuna sababu ya pili ya IPv6 kwenda polepole, na hii ni kasoro ya mpango wenyewe. Toleo la kwanza la IPv6 lilichapishwa Desemba 1995. Mpango ulikuwa kila mtu aendeshe itifaki zote mbili, yaani kanuni za mawasiliano za IPv4 na IPv6, kwa pamoja, na anwani za zamani zitakapoisha kila mmoja awe ameshavuka. Lakini kompyuta yenye IPv4 peke yake haiwezi kuzungumza moja kwa moja na yenye IPv6 peke yake. Kwa hiyo aliyewahi kuhamia hakupata nafuu yoyote: alipaswa kuendelea kutunza IPv4 kwa ajili ya wote ambao hawajahama, akabeba gharama mbili. Mwaka 1983 mambo yalikuwa tofauti. Tarehe 1 Januari mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, uliacha itifaki yake ya zamani ukaingia TCP/IP, ile yenye IPv4, kwa tarehe moja iliyopangwa, maana ulikuwa na kompyuta mia chache na mwenye sauti alikuwa mmoja. Intaneti ya leo haina mwenye sauti wa namna hiyo. Kila mmoja anahama pale anapoona gharama ya kukaa imezidi gharama ya kuondoka.

Hapo ndipo penye jibu lako, na ningependa bodi ilielewe hili kuliko yote. Uhaba ni wa kweli, ila bili yake haimfikii kila mtu kwa kiasi kile kile. Tangu tarehe 1 Februari 2024 Amazon, katika huduma yake ya kukodisha seva, inatoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya IPv4 ya hadharani. Piga hesabu: mara saa 24, mara siku 365, unapata dola 43.80 kwa mwaka. SACCOS yenye seva mbili kule italipa chini ya dola 90 kwa mwaka mzima. Kampuni yenye anwani 2,000 italipa dola 87,600. Bei ni ile ile, itifaki ni ile ile, lakini wa kwanza anaweza kulala usingizi na wa pili lazima aitishe kikao kesho asubuhi. Muuzaji wenu amechukua haraka ya yule wa pili akaiuza kwenu.

Tazama waliohama kwa kasi ni akina nani. Jio, kampuni ya simu ya India, ilianza kuuza huduma Septemba 2016, na ndani ya miezi sita ikavuka wateja milioni 100. Ingezitoa wapi anwani za IPv4 za watu wote hao, kanda yao ikiwa imeishiwa tangu 2011? Ilijenga mtandao wake kwa IPv6 tangu mwanzo, na leo India ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa matumizi yake. T-Mobile ya Marekani nayo ilizipa simu za wateja wake IPv6 tupu, na mawasiliano ya IPv4 yakawa yanatafsiriwa njiani. Hawa hawakufanya hivyo kwa kupenda mambo mapya. Walikuwa na mamilioni ya wateja, na kila mteja alikuwa gharama. Upande wa pili, GitHub, tovuti ambayo waandishi wa programu dunia nzima wanaitegemea, iliendelea kwa miaka mingi na IPv4 peke yake bila kupungukiwa na watu.

Hata soko la anwani linaunga mkono wasiwasi wako kwa sehemu. Mwaka 2011 Microsoft ilinunua anwani 666,624 kutoka kwenye mufilisi wa kampuni ya Nortel kwa dola milioni 7.5, kama dola 11 na robo kila moja. Bei ilipanda hadi kuvuka dola 50 miaka kumi hivi baadaye, wengi wakasema sasa hakuna kurudi nyuma. Kisha ikashuka. Kitu kinachokwisha kabisa bei yake haishuki hivyo. Kilichotokea ni kwamba waliokuwa wamezikalia anwani walizitoa sokoni, na wenye kuzihitaji sana wakaanza kubana matumizi au kuhamia IPv6. Kwa hesabu za Google, watumiaji wanaoifikia kwa IPv6 walikuwa chini ya asilimia moja mwaka 2012, na miaka ya karibuni wamekaribia nusu. Hiyo si itifaki iliyokufa, wala si gari linalokuacha stendi.

Nimesema yapo yanayokuhusu leo. La kwanza ni kwamba dawa ya NAT sasa inatumika mara mbili. Mtoa huduma wa intaneti asiye na anwani za kutosha anaweka NAT yake kubwa juu ya NAT yenu, ile inayoitwa CGNAT, na wateja wengi wasiofahamiana wanatoka kwa anwani moja. Kujua kama mmo humo ni kazi ya dakika mbili. Ingia kwenye ruta ya tawi, angalia anwani iliyopewa upande wa nje. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, mmo ndani ya CGNAT; ikianza na 10, yaelekea mmo pia. Au linganisha anwani hiyo na ile unayooneshwa na tovuti ya kupima anwani; zikitofautiana, yaelekea jibu ni hilo hilo. Ukiwa humo, huwezi kufikia kamera za ulinzi za tawi moja kwa moja kutoka nje, VPN, njia ya siri ya kuunganisha matawi kupitia intaneti, inaweza kusumbua kuanzishwa, na jirani usiyemjua akituma barua taka, anwani mnayoshirikiana naye inafungiwa nanyi mnafungiwa naye. Zile picha za "thibitisha wewe si roboti" zinazowatokea watu wa simu kila saa, mara nyingi chanzo chake ni hicho.

Humo humo kuna jambo ambalo taasisi ya fedha haipaswi kulipuuza. Kama mna programu ya simu ya wanachama, fungua kumbukumbu za seva yake leo. Naamini utakuta zimeandika anwani ya mteja na saa, basi. Sasa mwanachama akiibiwa, polisi wakapeleka anwani hiyo kwa kampuni ya simu, kampuni itajibu kwamba saa ile walikuwa wateja makumi au mamia nyuma ya anwani moja. Anayewatenganisha ni namba ya poti ya upande wa mteja, namba ambayo kila muunganisho hupewa. Tangu 2011 IETF, jumuiya ya wahandisi wanaoandika viwango vya intaneti, imependekeza seva zinazotazama intaneti ziandike poti hiyo pamoja na saa sahihi. Ni mstari mmoja wa usanidi. Uongeze wiki hii, na uhakikishe saa ya seva inalinganishwa na saa ya kuaminika.

La pili ni zito zaidi, na ndilo linalonitia hofu ninapoona ofisi zinasema "sisi hatutumii IPv6". Mnaitumia. Windows imekuja na IPv6 ikiwa imewashwa tangu Vista, mwaka 2007. Keti kwenye kompyuta yoyote ya kaunta, fungua dirisha jeusi la amri, andika ipconfig. Utaona mstari unaoanza na fe80. Hiyo ni anwani ya IPv6 ambayo kompyuta imejipa yenyewe, bila ruhusa ya mtu. Na kila baada ya muda kompyuta hiyo inauliza mtandaoni: kuna seva ya IPv6 hapa ya kunipa maelekezo? Kwenye mtandao wenu hakuna anayejibu. Siku mtu akichomeka kompyuta yake mpakato kwenye tundu la ukumbi wa mikutano, akawasha programu inayopatikana bure, yeye ndiye atakayejibu. Atajitangaza kuwa seva ya majina, na kwa kawaida Windows itampa kipaumbele mbele ya seva yenu halali ya IPv4. Tangu hapo kompyuta ya mtunza fedha inamuuliza mwizi njia ya kwenda kila mahali. Faiawoli yenu haitaona kitu, kwa sababu mazungumzo hayo hayapiti kwake. Yanaishia kwenye swichi.

Kinga ipo, na pengine mmeshailipia bila kujua. Swichi nyingi za ofisi zinazosimamiwa zina kipengele cha kuzuia matangazo ya ruta na seva za DHCPv6 (zile zinazogawa anwani na maelekezo ya IPv6) kutoka kwenye matundu yasiyoruhusiwa. Kwenye vitabu vya maelekezo tafuta RA Guard na DHCPv6 Guard. Kiwashe kwenye matundu yote ya watumiaji. Usikimbilie kuizima IPv6 kwenye kila kompyuta: Microsoft wenyewe hawashauri hivyo, kwa sababu sehemu za Windows zinaweza kuharibika, na wanaelekeza badala yake kuipanga ili IPv4 itangulie. Kama swichi zenu ni zile za bei nafuu zisizosimamiwa, hapo kweli kuna cha kununua, na mimi ningeanza na swichi ya makao makuu kabla ya kufikiria faiawoli mpya.

Madai ya kasi na usalama hayanichukui muda. Kichwa cha pakiti, yaani kifurushi cha data, ya IPv6 kina baiti 40 wakati cha IPv4 kina 20 kwa kawaida. Hakuna kasi inayotoka hapo. Inapokuwa na kasi zaidi, mara nyingi ni kwa sababu imeikwepa CGNAT iliyolemewa. Usalama: hapo zamani kila kifaa cha IPv6 kilitakiwa kiwe na uwezo wa IPsec, njia ya kuyafunga mawasiliano kwa siri, na wauzaji wakalishika hilo. Sharti hilo lililegezwa na kuwa pendekezo mwaka 2011, na IPsec ile ile inafanya kazi kwenye IPv4. Kinyume chake, kuhama kwa pupa kunaweza kuwapunguzia usalama. Mkiiwasha IPv6, kila kompyuta, printa na kamera inapata anwani ya kweli ya hadharani. NAT iliyokuwa inawaficha kwa bahati haipo tena, na kanuni za faiawoli mlizoandika kwa IPv4 hazihusiki na IPv6 hata kidogo. Zinaandikwa upya, seti ya pili. Ningemuuliza muuzaji swali moja tu mbele ya bodi: katika makadirio haya, kazi ya kuandika na kupima kanuni za faiawoli za IPv6 iko mstari wa ngapi? Kama haipo, mmeletewa vyuma tu.

Na akiwaambia kuna amri ya serikali, aoneshe andiko, namba yake na tarehe. Marekani ilitoa agizo Novemba 2020 kwa idara za serikali yake kuu, zifikishe asilimia 80 ya mifumo kwenye IPv6 tupu kufikia mwisho wa mwaka wa fedha 2025. Agizo hilo linazibana idara hizo, na wauzaji hulitaja nchi zote kana kwamba linambana kila mtu.

Ningekuwa kwenye kiti chako, ningefanya hivi. Ruta na faiawoli zenu zitachakaa kwa wakati wake, na hapo ndipo pa kuingizia IPv6: andika kwenye zabuni kwamba kila kinachofanyika kwa IPv4, yaani kuchuja, VPN, kumbukumbu na usimamizi, kifanyike kwa IPv6 pia bila leseni ya ziada. Sentensi hiyo haina gharama leo, na inawaepusha kununua mara mbili. Mwandikie mtoa huduma wenu barua mkiuliza kama anatoa IPv6 kwa wateja wa ofisi, na kama mtapata fungu la /48. Fungu hilo lina mitandao midogo 65,536, kila tawi litajitosheleza na hamtabanana tena. Jibu lake litakuambia mengi kuhusu yeye. Akisema hajui unachokiongelea, basi vifaa vipya vya muuzaji vingekaa bila kazi.

Programu ya simu ya wanachama ndiyo ningeiangalia mapema kuliko mtandao wa ofisi. Mwambie aliyeiandika aitafute ndani yake anwani yoyote ya IPv4 iliyoandikwa kwa namba badala ya jina. Mnao wanachama walio ng'ambo wanaotuma akiba zao kila mwezi, na baadhi yao wako kwenye mitandao ya simu ya IPv6 tupu. Huko jina la seva hutafsiriwa njiani na kazi ikaenda, lakini namba iliyofungwa ndani ya programu inaweza kugonga ukuta. Apple imelitilia mkazo hili kiasi kwamba tangu Juni 1, 2016 programu isiyofanya kazi kwenye mtandao wa IPv6 tupu hairuhusiwi kwenye duka lake. Kama tovuti yenu iko kwa kampuni ya kuhifadhi tovuti, mara nyingi kuiongezea IPv6 ni suala la kuweka alama kwenye ukurasa wa usanidi. Iongeze, ila uipime kwa njia zote mbili kila siku, kwa sababu vivinjari vya sasa hujaribu IPv6 kwanza na ikigoma vinarudi IPv4 kimya kimya, na hitilafu inaweza kukaa miezi bila mtu kuiona.

Ziko hali zitakazonifanya nibadili ushauri huu. Mkipanga kuungana na SACCOS nyingine ambayo nayo imejaza 192.168.1 kila tawi, kazi ya kuzitenganisha anwani hizo ni chungu na IPv6 itastahili kuwekwa mezani. Mtoa huduma akiwahamishia kwenye CGNAT na VPN ya matawi ikaanza kukatika, kabla ya kulipia anwani maalumu kila mwezi muulize bei ya IPv6, maana mara nyingi haina bei. Na kama bodi ina mpango wa kuweka mashine za malipo kwa mawakala mia kadhaa, kila moja ikihitaji kufikiwa kutoka makao makuu, nirudie, tutaongea tofauti.

Ukishapata /48 na ukawa na faiawoli inayoweza, anza na tawi lenye watu wachache, na kompyuta moja isiyo ya kaunta. Andika kanuni za faiawoli kwanza, ndipo uwashe. Usifunge ICMPv6 yote, yaani ujumbe wa taarifa na hitilafu za mtandao, kama wengi walivyozoea kufanya kwa ping ya IPv4, kwa sababu ruta za IPv6 hazikati pakiti kubwa njiani. Zinamrudishia mtumaji ujumbe wa ICMPv6 apunguze, na ukiuzuia ujumbe huo utaona kurasa zinafunguka nusu na kuganda. Mpe simu ya Android mtumishi mmoja aitumie kwenye Wi-Fi hiyo, maana Android haichukui anwani yake kwa DHCPv6 kama Windows inavyofanya, na usanidi wako lazima uwahudumie wote wawili. Na usiifanye kazi hii wiki ya mwisho wa mwezi, mishahara inapoingia na foleni ya mikopo imefika mlangoni.